Betri ya volti 12, sabufa ya gari na bodi ya wati 160: chipu ipi ifungwe kwenye spika ya kubeba?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Natengeneza spika ya kubeba kwa ajili ya mikutano ya kijiji na vikundi vya akina mama. Watu huwa kama 150, na wa mwisho anakaa mita 25 hivi kutoka kwenye spika. Umeme hakuna. Nina betri ya volti 12 ampea-saa 7, zile za UPS, sabufa ya gari ya inchi 10 omu 4, maiki ya waya na moduli ya Bluetooth. Nimenunua bodi ya amplifaya yenye chipu ya TDA7498E, iliyoandikwa wati 160 mara mbili. Maneno hayafiki nyuma, na nikiongeza sauti inakata, inarudi, inakata tena. Kuna aliyeniambia nirudi kwenye TDA2030, mwingine anasema TPA3116. Nifunge ipi?

JIBU: Salama, ndugu. Funga TPA3116D2, au pacha wake TPA3118D2. Ila ukibadilisha chipu tu na kuiacha sabufa ile ya gari, mama wa mstari wa nyuma bado hatasikia. Nivumilie tuanze na betri, tupite kwenye spika, ndipo tuirudie chipu.

Kwa nini bodi yako inakata

Wati 160 zilizoandikwa pale zinapatikana kweli, lakini kwa volti 36, spika ya omu 4, na sauti ikiwa tayari inakwaruza kwa asilimia 10. Datashiti ya TDA7498E, yaani karatasi ya vipimo vya kiwanda, inataka volti kuanzia 14. Betri yako ikiwa imejaa na imetulia ina volti 12.7 hivi. Ikibeba mzigo inashuka hadi 12, na ikiwa imechoka inaweza kugusa 10 kila besi inapopiga. Chipu inajikuta inafanya kazi chini ya kiwango chake na ulinzi wa volti ndogo unaweza kuizima. Mzigo ukiondoka betri inapanda, chipu inawaka, besi inapiga tena. Ndiyo hiyo kata-rudi unayoisikia.

Kabla hujailaumu betri, ipime vizuri. Piga kwenye simu sauti moja isiyobadilika, hezi 200 au 300, kwa sababu mita ya kawaida ni nzito na haiwahi kuona mshuko wa ngoma. Pima kwenye vichwa vya betri, halafu pima kwenye skrubu za bodi. Ukikuta 12.1 kwenye betri na 10.9 kwenye bodi, volti zako zimeliwa na waya mwembamba au swichi mbovu, na hata bodi mpya itakukatia vilevile.

Hesabu ya kuiweka kichwani ni moja. Amplifaya ya mkao wa BTL, ambapo spika inasukumwa kutoka pande zote mbili, haiwezi kutoa wati safi, zisizokwaruza, zaidi ya volti za betri zikizidishwa kwa zenyewe, zikagawanywa kwa omu za spika mara mbili. Volti 12 kwa omu 8 ni 144 gawa kwa 16, yaani wati 9. Kwa omu 4 ni 18. Toa kidogo kinachopotea ndani ya chipu, koili na waya, unabaki na 8.5 na 16 hivi. Hakuna chipu ya kiwanda chochote itakayokupa zaidi ya hapo bila kwanza kupandisha volti. Muuzaji akikuambia bodi yake inatoa wati 100 kwa betri ya pikipiki, mwulize omu ngapi, halafu piga hesabu hiyo mbele yake.

Sabufa ndiyo inayokula mkutano wako

Kila spika ina namba ya desibeli inazotoa kwa wati 1 ukisimama mita 1. Sabufa za gari nyingi ziko kati ya 84 na 88. Zimetengenezwa kupiga besi ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, na koni yake nzito haiwezi herufi kama s, t na ch, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Spika ya matangazo ya inchi 8 au 10 yenye koni nyepesi ya karatasi huwa 94 hadi 97. Honi, yale matarumbeta ya misikitini na kwenye magari ya matangazo, hupita 105.

Umbali nao una bei yake: kila unapouzidisha mara mbili unapoteza desibeli 6. Kufika mita 25 unapoteza 28. Sasa linganisha. Sabufa yako ya 86 ikipewa wati 16 inapata 12 za ziada, inafika 98. Toa 28, nyuma zinabaki 70. Watu 150 wakinong'ona, watoto wakilia na upepo ukivuma, kelele ya uwanja hufika 60 au 65. Maneno yanataka kuizidi kelele hiyo kwa desibeli 15 hivi ili yaeleweke bila kukaza masikio, kwa hiyo lengo letu ni 80. Spika ya 96 yenye omu 8, ikipewa wati 9 tu, inatoa 77 na kitu pale pale nyuma. Honi ya 105 kwa wati hizohizo 9 inatoa 86.

Yaani kubadilisha spika kunakupa desibeli 10, ambazo ukizitafuta kwa amplifaya itabidi uzidishe wati mara kumi. Kwa betri ya ampea-saa 7 hilo sahau.

Kama kazi ni hotuba na matangazo tu, honi moja inatosha na hoja inaishia hapo. Iwekee kapasita ya mfululizo isiyo na upande, kati ya mikrofaradi 47 na 68, ili besi za muziki zisiifikie, maana kiendeshi cha honi, kile kinachotoa sauti mgongoni mwake, hufa kwa besi kabla hakijafa kwa wati. Ukiikosa dukani, unganisha mbili za mikrofaradi 100 hasi kwa hasi. Zitakupa 50, na kwa honi ya omu 8 zitaanza kukata chini ya hezi 400 hivi. Angalia pia kama honi hiyo ina transfoma ya laini ya volti 100 mgongoni. Kama inayo, ondoa waya zake na uunge moja kwa moja kwenye kiendeshi, la sivyo hutasikia kitu kwa volti 12.

Lakini najua vikundi vya akina mama havikosi nyimbo, na muziki kwenye honi ni adhabu. Hapo chukua spika mbili za inchi 8 au 10, omu 8, desibeli 95 kwenda juu, kila moja na twita yake, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Sasa chipu

TDA2030 ni chipu nzuri ya kujifunzia. Shida yake ni kwamba ikiwa peke yake haiko kwenye mkao wa BTL: spika inasukumwa upande mmoja tu, hivyo hesabu yetu inagawanywa tena kwa nne. Kwa volti 12 na omu 4 inabaki 4.5, na chipu ikishabakiza volti zake unapata kama wati 2.5 safi. Wati zake 14 zinataka volti 28, zilizogawanywa 14 juu na 14 chini. Aliyekushauri pengine ana transfoma mezani kwake.

TDA7297 ni mshindani wa kweli, na usimdharau. Inakula volti 6 hadi 18, ina mikondo miwili ya BTL, yaani njia mbili za sauti, haihitaji koili, vifaa vinavyoizunguka vinahesabika kwa vidole, na fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu anaitengeneza. Haitoi kelele za redio hata kidogo. Inataka spika za omu 8, na kwa volti 12 inatoa wati 6 hivi kila upande kwa sababu transista zake hubakiza volti kadhaa. Tatizo lake ni ulaji, kwa kuwa ni ya klasi AB, ambayo transista zake hufunguka nusunusu na kugeuza umeme mwingi kuwa joto. Hotuba na muziki wa kawaida kwa wastani hutumia kama moja ya nane ya wati za juu, na pale chini klasi AB ina ufanisi wa asilimia 28 tu hata kwa hesabu za darasani. Kwa kila wati inayofika kwenye spika, karibu mbili na nusu zinakuwa joto.

TPA3116D2 ni ya klasi D, ambayo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi badala ya kufunguka nusunusu. Inakubali volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo mshuko wa betri hauitishi. Ufanisi wake hupita asilimia 90 ikiwa imebebeshwa mzigo, na hata kwenye sauti ya wastani haukaribii upotevu wa klasi AB. Wati 50 mara mbili zinazotangazwa ni kwa volti 21 na omu 4. Kwako, kwa volti 12 na omu 8, ni 8.5 kila upande. TPA3118D2 umeme wake ni uleule, tofauti ni mahali pa kutolea joto: 3116 ina bamba la chuma juu, inataka hitisinki (bati la kupoza), 3118 bamba liko chini na inapozwa na shaba ya bodi. Kwa wati zako yoyote inafaa, na 3118 hukuondolea hofu ya hitisinki iliyobandikwa vibaya.

PAM8610, chipu nyingine ya klasi D, nimeipita kwa makusudi. Ni ndogo na rahisi, wati 10 mara mbili, ila mwisho wake ni volti 15, na betri yako ikiwa kwenye chaja inafika 14.4. Chaja ikikosea kidogo, chipu imekwenda.

Kuna kosa moja ambalo hata wazoefu hulifanya, la kununua bodi ya mono ya wati 100 wakidhani itaisukuma spika yao zaidi. Bodi hiyo imeunganisha mikondo miwili ya TPA3116 sambamba ili itoe ampea nyingi zaidi. Volti hazijaongezeka. Kwenye spika ya omu 8 itakupa wati zilezile 8.5. Faida yake inaonekana kwenye omu 2, mfano spika mbili za omu 4 zikiwa sambamba. Kwa hiyo nunua bodi ya mikondo miwili, uipe kila spika mkondo wake.

Spika mbili kwa volti 12, au moja kwa volti 24?

Njia zote mbili zinakufikisha zaidi ya 80 kule nyuma. Spika mbili zikisimama pamoja, sanduku juu ya sanduku, zinaongeza desibeli kati ya 3 na 6 juu ya ile 77. Spika moja ikipewa volti 24 inapata kama wati 34, nayo inafika 83 hivi.

Mimi nakushauri mbili. Volti 24 zitatoka kwenye moduli ya kupandisha volti, na moduli hiyo nayo inataka kupozwa, inapoteza asilimia 10 au zaidi, inaongeza mlio, na inachota kwenye betri ampea 4 hivi sauti ikiwa juu. Zile ndogo za XL6009 haziwezi kazi hii. Ukilazimika, chukua zile kubwa zenye koili ya duara na hitisinki mbili, iweke 22 au 23 ukiwa na mita mkononi kabla hujaunga bodi, na uweke kapasita ya mikrofaradi 3300 ya volti 35 kwenye mdomo wa kutoka.

Na usiunge betri mbili za asidi mfululizo upate 24 ukaiacha TPA3116 imewashwa wakati wa kuchaji. Chaja inazipandisha hadi 28.8, na mwisho wa matumizi ya chipu ni 26. Wanaotumia seli za lithiamu za 18650 nao wahesabu: sita mfululizo zikijaa ni 25.2, zinapita kwa shida; saba ni 29.4, usijaribu.

Betri itadumu saa ngapi

Spika mbili, jumla wati 17 za juu. Wastani ni kama 2.1. Gawa kwa ufanisi wa 0.8, unapata 2.7, ongeza wati 1 ya chipu ikiwa imekaa kimya na wati 1 ya maiki na Bluetooth. Jumla haifiki 5. Betri ya volti 12 ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini ya asidi usiishushe zaidi ya nusu kama unataka ikae zaidi ya mwaka. 42 gawa kwa 5 ni saa 8. TDA7297 kwa kazi hiyohiyo ingekula wati 9 na zaidi, yaani saa 4 na nusu. Muziki wa leo uliobanwa, ukipigwa hadi mwisho, nao huipeleka TPA kwenye saa 4 au 5.

Betri hiyo ikifa, nunua ya lithiamu-fosfeti ya seli nne. Ni nusu ya uzito na unaweza kuitumia karibu yote. Hakikisha bodi yake ya ulinzi inabeba ampea 10, maana zenye ampea ndogo hukata ghafla kwenye besi, na nyingine haziwaki tena mpaka uziguse na chaja.

Kufunga

Fyuzi ya ampea 5 iwe kwenye waya chanya, sentimita 10 tu kutoka kwenye betri. Waya uwe wa milimita mraba 1.5 na usizidi nusu mita. Baada ya fyuzi na swichi, weka dayodi ya 6A10 kinyume, mstari wake ukitazama chanya: siku mtu atakapogeuza betri, dayodi itaunguza fyuzi na bodi itapona. Karibu na skrubu za bodi weka kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 25.

Waya hasi wa spika si graundi, yaani si hasi ya betri. Rudia hilo kwa kila atakayeshika chombo hicho. Kwenye BTL waya zote mbili za spika zina karibu volti 6 zikipimwa na hasi ya betri. Ukiunganisha hasi za spika mbili pamoja, au ukaigusisha moja na bati la sanduku, chipu inaingia kwenye ulinzi. Bodi nyingine zitajizima kabisa mpaka uzime swichi, nyingine zitapiga tik-tik zikijaribu kuwaka tena.

Waya za spika zikiwa ndefu kuliko mkono mmoja, hakikisha bodi ina koili nne za kweli za mikrohenri 10 hivi kwenye matokeo, si vishanga vidogo vyeusi vya feraiti. Bila koili, waya inakuwa antena na maiki isiyo na waya, ukija kuitumia, itachafuka.

Maiki ya waya hutoa milivolti chache tu. Haiwezi kuingia moja kwa moja kwenye TPA3116. Ipitishe kwanza kwenye kikuzaji cha NE5532 kilichopangwa kukuza mara 100 hadi 300. Kwenye bodi yenyewe chagua ukuzaji wa desibeli 26 kama umewekewa nafasi ya kuchagua. Hapo simu ikitoa kama volti 0.4 inatosha kuifikisha mwisho. Zile zilizowekwa 36 zinafoka mvumo hata kabla mtu hajasema neno.

Kuhusu Bluetooth, utasikia mlio mwembamba, ziii, unaobadilika simu inapotafuta. Mlio huo unatokana na moduli na amplifaya kuchangia graundi moja. Dawa yake ni moduli ndogo ya kutenga umeme, B0505S, kati ya volti 5 na Bluetooth, au transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600 kwenye njia ya sauti. Moja tu inatosha.

Kuwasha mara ya kwanza

Usiunge spika. Weka taa ya gari ya volti 12 wati 21 kwenye njia ya waya chanya, halafu washa. Ikimweka mara moja na kuzima, uko salama. Ikibaki inawaka, kuna shoti, nawe hujaunguza kitu. Kisha pima volti za moja kwa moja kati ya skrubu mbili za spika moja. Zisizidi milivolti 50. Ukikuta volti kadhaa, usiiunge spika yako hapo, bodi imeshakufa upande mmoja. Zikiwa sawa, toa taa, unga spika, anza na sauti ndogo.

Unaponunua, tazama chipu yenyewe kabla hawajaifunga kwenye mfuko. Maandishi yaliyokwanguliwa, au hitisinki inayocheza ukiisukuma kwa kidole, mrudishie. Kwenye 3116 hitisinki isiyogusa lile bamba la juu ni pambo, na bodi itajizima kila baada ya dakika chache juani. Ile TDA7498E yako ni nzima, iweke. Siku utakapopata kazi ya ukumbini penye umeme, itafutie pawa saplai ya volti 24 hadi 32.